Makapsuli Niliyompelekea Baba

Usaha wa baba yangu niliupokea mwenyewe, maabara, Musoma, asubuhi, pamoja na mikojo ya watu wengine. Niliandika namba, nikaotesha bakteria wake kwenye sahani ya kipimo, nikaenda kunywa chai. Mtu anaweza kudhani nilijikaza. Aa wapi! Nilikuwa nimekufa ganzi tu.

Pikipiki ilimgonga baba pale Nyasura, Bunda, akivusha barabara ndama aliyetoka kumnunua. Mguu ukawekwa chuma ndani, akarudi nyumbani Butiama. Baada ya miezi kadhaa kovu likafumuka, likaanza kutoa usaha. Akanipigia simu: "Mwanangu, si unafanyaga kazi na hayo madawa?" Nikanunua makapsuli ya siku tatu, bila cheti cha daktari, bila kipimo, nikampa kondakta wa basi ampelekee. Usaha ukakauka. Ukarudi. Nikatuma tena. Ukawa ndio mtindo wetu, mwaka mzima, mpaka usaha ukagoma kukauka, akalazwa hospitalini kwetu Musoma. Mimi, ninayewafokea wagonjwa kila siku kwa kosa hilohilo!

Tunachofanya maabara ni kuweka vikaratasi vyenye dawa juu ya bakteria. Dawa ikiwaweza, pembeni ya kikaratasi panabaki duara tupu. Kwenye sahani ya baba walikuwa wameota mpaka kugusa karibu vikaratasi vyote. Nikasaini majibu. Sikulia. Nilisikia njaa, basi.

Daktari akasema mguu ukatwe chini ya goti kabla maambukizi hayajaingia kwenye damu, la sivyo tutampoteza. Baba akagoma. "Mtu anakatwaje mguu kwa sababu ya usaha? Niongezeeni dawa." Daktari akaniachia kazi ya kumweleza.

Nikamweleza kwa mfano wa kibuyu cha maziwa cha mama. Mama anakiosha kwa maji ya moto, anakichoma ndani kwa kijinga, na bado maziwa akiyamimina jioni, asubuhi yameganda na hajatia kitu.

"Bakteria wanaogandisha maziwa wamebaki kwenye kuta za kibuyu, baba. Na bakteria wako ni hivyo hivyo. Mwilini kwa nje wana vishikio, ni protini. Kwa vishikio hivyo wanang'ang'ania chuma, halafu wanashikana wenyewe kwa wenyewe, wanajifunika utando unaoteleza. Dawa inapita juu. Na wakishakaribiana namna hiyo wanapeana vinasaba. Mmoja akiwa na namna ya kuishinda dawa, anamgawia jirani."

"Hata asiye wa ukoo wake?"

"Hata asiye wa ukoo wake."

Akautazama mguu wake. Nilikuwa nahesabu matone ya dripu, maana sikuwa na kingine cha kufanya.

"Kibuyu kikianza kutoa maziwa mabovu ya kuvutika, mama yako anakichomaga mara ngapi?"

"Mbili, tatu."

"Halafu?"

"Anakitupa."

Akageukia ukuta. "Haya. Kamwambie daktari."

Wakakata. Kile chuma wakatuletea maabara, nikakikwangua mwenyewe, na kweli kilikuwa na utelezi. Nikaandika namba yake kama nilivyoandika ile ya kwanza. Wenzangu waliniambia nipumzike nyumbani, nikawajibu nyumbani nikafanye nini.

Siku ya kuruhusiwa nilikuwa napanga vitu vyake kwenye mfuko. Nikakuta kopo la mafuta ya kujipaka, zito kidogo. Nikalifungua. Makapsuli yangu yalikuwa humo, mengi, karibu nusu ya yote niliyowahi kutuma.

"Usaha ukikauka naachaga," baba akasema, tena kwa furaha, kama mtu aliyeweka akiba. "Hayo nimemtunzia mama yako. Anakohoaga sana siku hizi."

Hapo ndipo ganzi iliponiachia. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Baba, ni haya haya," nikamwambia. "Mimi nilituma pungufu, na wewe ukameza nusu ya hiyo pungufu. Bakteria waliobaki wakazoea dawa, wakagawiana. Mguu wako umeondoka kwa sababu ya makapsuli haya. Ni mimi, baba."

Aliliangalia kopo. Akaangalia shuka pale lilipolala bapa, chini ya goti. Kisha akachukua kifuniko, akalifunga kopo vizuri, akanirudishia mkononi.

"Mama yako asijue kwamba ni wewe," akasema.