Visu vya Ghorofa ya Nne

Zamani mtaa ule ulikuwa na nyumba arobaini za mabati, kila nyumba ina watu kumi na kisu kimoja. Siku hizi una maghorofa matatu ya vioo, kila jiko lina visu ishirini na hakuna anayekata hata kitunguu.

Aliyeyajua hayo kuliko karani yeyote wa sensa ni mnoa visu, waliyemwita Makali. Baiskeli yake ilifungwa jiwe la kunolea mbele. Akiisimamisha na kukanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka. Kwa miaka thelathini mtaa ule ulimlisha. Kisha wenyeji wakaanza kuuza viwanja. Fundi cherehani akauza, msusi akauza, na bucha likageuka duka la maua ya plastiki. Waliohamia wana mishahara minono na majiko yasiyoujua moto. Chakula chao huletwa na pikipiki ndani ya boksi.

Mwishowe Makali akabaki na wateja wawili tu, vikongwe wawili, mtu na wifi yake, waliokaa katika nyumba ya mwisho ya mabati na kununiana tangu ujana. Walinoa kila Jumamosi, kila mmoja akihofia cha mwenzake kisije kikawa kikali zaidi. Lakini visu viwili havishibishi mtu. Asipopata wateja ghorofani, itabidi auage mtaa.

Basi akaenda getini. Mlinzi akafungua daftari, akataka kujua anamtembelea nani. Makali akasema visu. Mlinzi, mtu wa utaratibu, akaandika kwenye nafasi ya mwenyeji: Bwana Visu.

Bahati ikamwangukia. Mama wa ghorofa ya nne, aliyekuwa na wageni wa chakula Jumapili, alimkabidhi kasha zima, akamwambia avifanye vipendeze, akarudi kwenye simu yake. Makali akanoa vya nyama, akanoa vya mkate. Chini ya kasha akakuta vidogo kumi na viwili, vya ncha ya mviringo, butu kama kidole gumba. Vya namna hiyo alikuwa hajawahi kukutana navyo maishani. Akavionea huruma, maana ilikuwa dhahiri havijaguswa na jiwe tangu kuzaliwa. Akavinoa kutwa nzima, hadi kila kimoja kikaweza kunyoa ndevu.

Jumapili mkurugenzi fulani alitaka kupaka siagi tu. Mkate ukakatika, kitambaa cha meza kikakatika, na tai yake ikabaki fupi kama ya mtoto wa chekechea. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyetoka damu.

Jumatatu mama akamsubiri getini, wale vikongwe wakiwa mlangoni kwao, masikio wazi.

"Mzee wangu, visu vya siagi havinolewi."

"Sasa mama, kisu kisichonolewa si kijiko hicho?"

Vikongwe wakacheka mpaka wakashikana mabega, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu siku ya harusi iliyowafanya mawifi. Lakini kamati ya wakazi haikucheka. Ilikaa kikao, ikapiga marufuku magurudumu yanayotoa cheche barabara nzima, hata mbele ya nyumba ya mabati. Mkubwa wa wale vikongwe akatangaza kwamba yeye hatakaa mahali pa kuchana nyama kwa meno. Mwezi haukuisha wakauza, kama wenzao.

Mara ya mwisho Makali kuwaona ilikuwa asubuhi, lori limepakiwa magodoro. Kila mmoja alitaka kukaa karibu na dereva, hakuna aliyekubali kupanda nyuma. Wakajibana mbele wote wawili, dereva akaendesha tako moja nje ya kiti, mlango ameushika kwa mkono. Makali aliwapungia hadi walipokata kona. Kisha akaigeuza baiskeli, akaenda kutafuta mtaa mwingine wenye watu wanaopika.