Mkaguzi na Mshororo wa Tatu

Siku yangu ya kwanza kufundisha ushairi, pale shuleni Ruring'u, nilikuwa na cheti cha masomo ya jioni na koti la kuazima lenye nafasi ya walimu watatu. Nilikuwa nimetoka kuchuma majani chai Kangari. Muhula ulipokaribia kwisha, mkaguzi wa elimu alifika kutoka Naro Moru na fomu ya kunithibitisha kazini. Asipotia sahihi, narudi Kangari.

Mizani, yaani silabi za mshororo, nyinyi walimu wa leo mnazihesabu kwa vidole. Mimi nilitumia githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Siku hiyo ya ukaguzi mpishi wa shule alinipa bakuli lake likiwa bado moto: punje ya mahindi kwa kila silabi, haragwe jekundu kwa kila kina, ile silabi inayojirudia katikati na mwishoni mwa mshororo.

Wanafunzi wakapanga ubeti mezani. Mishororo minne, kila mmoja mizani kumi na sita, na maharagwe yakashuka kwa safu mbili zilizonyooka kuliko barabara ya Nanyuki. Naapa hata Mlima Kenya uliondoa mawingu ukachungulia dirishani. Kumbe mshairi aliyapanga haya yote kichwani, bila meza!

Nikageuka kuandika ubaoni. Mkaguzi akasogea mezani.

"Mwalimu, mshororo wa tatu una kumi na tano. Unafundisha shairi bovu?"

Kweli, palikuwa na pengo. Lakini taya la mkaguzi lilikuwa likitafuna.

Mwalimu mkuu, aliyeingia na mkaguzi, akanikanyaga mguu. "Kubali tu, bwana! Sema ati mshairi aliteleza."

Nikaitazama fomu. Nikautazama ubeti. Nimsingizie fundi kama yule?

"Wanjiru, soma mshororo wa tatu ukipiga makofi," nikamwambia mwanafunzi wa mbele.

Makofi kumi na sita.

"Mheshimiwa," nikasema, "shairi ni zima. Punje moja umekula."

Taya likasimama.

"Nimetoka Naro Moru bila chai," akasema polepole. Akachukua punje bakulini, akaziba pengo, akahesabu upya kwa kidole. Alipofika kumi na sita alivua kofia, kama aliyeingia kanisani. Kisha akaomba kalamu.

Nilifundisha Karatina, Nanyuki, kisha Nyeri hadi nikastaafu. Sasa mama watoto akipakua githeri, hunigombeza: "Kula, mzee, inapoa!" Lakini mimi bado napanga ukingoni mwa sahani: punje saba, haragwe, punje saba, haragwe. Nikimaliza mstari, hata njaa naisahau.