Turbo Haing'olewi

Gari langu lilipoanza kunywa mafuta kupita kiasi, kila mwenye mdomo Ujiji aligeuka fundi. Muuza vocha alikuwa na dawa yake. Jirani yangu wa Bangwe, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alikuwa na dawa yake. Wote wakishazunguka walitua palepale: ng'oa turbo. Turbo ni ya nchi zenye lami kila kona, turbo inakula, turbo si ya mwanamke anayebeba mawese.

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Mimi nabeba mawese, ndiyo. Nanunua kwa wakulima wa ndani huko, mbele ya Simbo, napanga madumu nyuma ya gari na kuyaleta Ujiji na Kigoma mjini. Njia ya kutoka mashambani ni ya udongo mwekundu, na kabla hujaipata barabara kuu kuna mlima ambao masika unateleza kama mlenda. Gari lisilo na nguvu huishia katikati, kisha linarudi kinyumenyume na dereva wake anaanza kutaja majina yote ya Mungu. Langu lilikuwa likipanda. Nikikanyaga mafuta, turbo inaisukumia injini hewa na tunakwea, mimi na madumu yangu, mpaka juu. Nililinunua kwa sababu ya mlima ule, wala si kwa fahari.

Kabla ya hapo nilitegemea lori la kaka yangu. Kaka ndiye mkubwa wetu. Tangu baba afariki, yeye ndiye anayekalia kiti cha baba pale kwa mama, Kasingirima, na neno lake ndilo linalofunga mazungumzo. Si mtu mbaya. Rejeta ya gari langu ilipovuja mwaka uliotangulia, aliacha shughuli zake akaifungua na kuifunga mwenyewe uani kwa mama, na hakutaka hata asante. Lakini mwenye lori ndiye mwenye safari. Mawese yangu yalikuwa yakilala Simbo yakingoja amalize kwanza mihogo yake na mahindi yake, na nikiuliza naambiwa nipunguze haraka. Punguza lilikuwa neno lake kwangu tangu utotoni. Punguza sauti. Punguza ubishi. Nilipokuwa msichana nikiendesha baiskeli ya baba na dumu nyuma, aliniambia nipunguze kujionyesha.

Kwa hiyo kaka naye alipoanza kusema ng'oa turbo, mimi nilisikia jambo jingine: rudi kwenye foleni ya lori lake. Na huko sikuwa tayari kurudi.

Nikaanza kuzunguka kwa mafundi. Wa kwanza alibadilisha plagi, akapiga kifua kwamba tatizo limekwisha. Wa pili alisafisha nozeli na kunionyesha uchafu aliotoa, kama daktari wa meno. Kisha nikaenda kwa kijana mmoja wa mjini mwenye mashine ya kupimia. Akaichomeka chini ya usukani, akatazama kioo chake, akasema mafuta yanazidi hewa. Nikamuuliza kwa nini yazidi. Akasema ni sensa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia. Tukabadilisha sensa, taa ya injini ikazimika, nami nikaendesha kuelekea nyumbani nikiimba. Ilipofika wakati wa kupeleka gari Simbo na kurudi na mzigo, taa ikawaka tena na mshale wa mafuta ukaporomoka vilevile.

Kila nilipokwama, kaka alipata nguvu. Ijumaa baada ya swala huwa tunakula pamoja kwa mama, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka. Ijumaa moja aliosha mikono, akatangaza kwamba ameshaongea na fundi anayemwamini pale Ujiji. Wiki ijayo, Jumamosi, turbo itatolewa, bomba lake litazibwa, na gari litakuwa gari la kawaida kama la watu wenye akili zao. Kwa mizigo ya ndani, alisema, lori lipo.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamalizia.

Mama akahamia kwenye Kiha, kama afanyavyo jambo likiwa zito. Aliniomba nimkubalie kaka yangu. Amani ya nyumba, alisema, si ya kupimwa na chuma. Nampenda mama yangu, lakini siku ile alinikasirisha.

"Guu ni langu, mama," nikasema. "Likivunjika nitachechemea mwenyewe."

Kaka akacheka. Akasema nilete gari Jumamosi asubuhi. Nikajibu kwamba nitalileta. Nini kitafanyika likishafika, sikukijibu.

Katikati ya wiki nilikwenda Simbo. Siku zote nafunga vioo kwa sababu ya vumbi, lakini mvua ilikuwa imenyesha, nikavifungua. Narudi na mzigo, naanza kupanda ule mlima, nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia: fyuuu, nyembamba, kama mtu anayepulizia chai ya moto. Nikatazama kioo cha nyuma. Moshi mweusi. Nikaondoa mguu, sauti ikanyamaza na moshi ukakata. Nikakanyaga, vikarudi vyote viwili. Barabara ya tambarare mpaka Ujiji gari halikutoa sauti wala moshi.

Nilipofika nyumbani sikushusha madumu. Nilikaa garini nikawaza. Mafundi wote walilipima likiwa limesimama, injini ikinguruma kwa upole. Mgonjwa anaugua akipanda mlima, wao wanampima amelala kitandani. Nikampigia simu kijana wa mashine, nikamtaka anieleze hewa inapimwa wapi. Akasema inapimwa mlangoni, kabla ya turbo, na injini inamwaga mafuta kulingana na kipimo hicho. Na ikishapimwa, nikamuuliza, halafu ikatorokea njiani? Akasema basi mafuta yatamwagwa kwa ajili ya hewa ambayo haipo. Hilo nalielewa. Ni sawa na kusonga ugali wa wageni walioishia njiani.

Mtu aliyeziba pancha za baiskeli utoto wake wote anajua la kufanya. Mpira uliolegea hauonyeshi tundu. Ujaze upepo, uzamishe kwenye beseni, povu litakuambia. Injini haizamishwi kwenye beseni, lakini povu linaweza kuifuata lilipo.

Jumamosi nilifika gereji Ujiji na mfuniko mpana wa ndoo nilioutoboa na kuupachika vali ya tyubu, kopo la povu la sabuni ya mche na brashi ya rangi. Fundi alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu. Kaka alishatangulia kwa bodaboda na alikuwa amesimama kando ya spana zilizopangwa juu ya gunia. Nikafungua boneti, kisha nikasimama mbele ya gari.

"Hakuna nati itakayofunguliwa kabla gari hili halijapulizwa," nikasema.

Kaka akasema nipunguze sinema, watu wana kazi. Sikusogea. Nikamgeukia fundi nikamweleza sauti, moshi, mlima, na lile jambo la hewa kupimwa mlangoni. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akasema kupuliza hakuharibu kitu. Alifungua bomba la kuvutia hewa, akabana mfuniko wangu mdomoni mwa bomba hilo, akavuta mpira wa kompresa kutoka kwa wazibaji pancha wa jirani, akaingiza hewa kidogo kidogo.

Nikaanza kupaka povu. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Nyuma yangu nilimsikia kaka akivuta pumzi ya mtu anayetaka kusema nilikuambia. Nikainama zaidi, nikapenyeza brashi chini ya ile rejeta ndogo inayopoza hewa ya turbo, pale mpira mnene unapoingia kwenye chuma. Povu likafura kama uji unaochemka, likapasuka, likafura tena. Nikapaka mara nyingine ili kila mtu aone, na kila mtu akaona.

Fundi akalegeza klipu. Mpira ule ulimfuata mkononi bila kuvutwa. Ncha yake ilikuwa imevimba na kulainika, na ndani yake kulikuwa na utando wa rangi ya machungwa ulionasa vumbi. Akaugusa, akanusa kidole. Hakuhitaji kunusa, hakuna mtoto wa Kigoma asiyeijua rangi ile.

"Mawese," akasema.

Akatueleza kwamba mpira wa aina hii ukipakwa mafuta unalewa. Unavimba, unateleza, turbo ikisukuma unajisogeza na kuachia hewa, mguu ukitoka unarudi mahali pake. Unafungwa mkavu. Kisha akanitazama mimi, mwenye madumu, kwa macho ya mtu aliyekwisha kupata mkosaji. Nami nilikuwa nawaza lini mpira huo uliwahi kufunguliwa. Fundi wa plagi hakufika huko, wala wa nozeli. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kuivua pua ya gari langu, ili aifikie rejeta.

Kwetu mawese ni dawa ya kila kinachokwaruza. Bawaba, mnyororo wa baiskeli, visigino, kifua cha mtoto anayekohoa. Baba alitupakia kila kitu mawese, na sisi tukakua tukipaka. Sikumtazama kaka. Nilimngoja.

"Mpira ulikataa kuingia," akasema hatimaye, taratibu. "Nikapaka kidogo, kutoka kwenye dumu lililokuwa uani."

Fundi akapata ghafla kazi ya kupanga upya spana zake. Mimi nilikuwa na maneno ya miaka mingi, yamejaa kinywani. Kikulacho ki nguoni mwako. Ningeweza kuyamwaga yote pale, mbele ya wazibaji pancha, na hasira yangu ilinisihi niyamwage. Lakini nilimwona ameshika ile ncha iliyovimba, akiizungushazungusha, na nilijua siku ile uani alikuwa ananisaidia kweli. Nikachukua kitambaa changu cha kufutia kioo, nikampa.

"Turbo haing'olewi, kaka," nikasema. "Safisha chuma hicho. Na safari hii ufunge kikavu."

Nilidhani atakitupa. Akainama, akasafisha. Alisugua mpaka chuma kikatoa sauti, akapangusa kwa sabuni, akakausha, na fundi alipoleta mpira mwingine wakausukuma pamoja ukiwa unalalamika, mpaka ukaingia. Tukapuliza tena. Povu lililala juu ya kiungo bila kufura.

Fundi alisema gari lijaribiwe penye mlima. Mimi nilikuwa na mzigo wa kuchukua Simbo, na kaka hakuwa na lori pale, basi akapanda kwangu, kiti cha abiria, magoti yakigusa mbele. Mashambani alinisaidia kupakia madumu bila kuombwa, akayafunga kamba kwa mafundo yake ya lori.

Mvua ilikuwa imeshapita mlimani kabla yetu na udongo uling'aa. Nikavifungua vioo vyote makusudi. Nikakanyaga. Turbo ikashika, kiti kikatusukuma mgongoni, na hakukuwa na ile fyuuu. Mshale wa mafuta, ambao kwa miezi ulikuwa ukianguka mbele ya macho yangu mahali pale pale, ulikaa. Kaka aligeuza shingo akatazama nyuma, muda mrefu.

"Moshi hakuna," akasema.

Tairi ziliteleza kidogo kwenye kona, nikazirudisha, nikaongeza. Akashika mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili, akasahau kila kitu kilichotokea siku ile, akaniambia nipunguze.

Nikamwambia ashike vizuri, mlima bado haujaisha.