Jani la Pili la Mharagwe

Mwaka tuliomzika mama yangu kule kwetu ziwani, nilirudi Eldoret nikiwa mkavu. Machozi hayakutoka matangani, na niliporudi hayakutoka. Mume wangu alidhani nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Ndani kulikuwa kimya tu.

Nilikuwa nafundisha bayolojia katika shule ya wasichana kando ya barabara ya Moiben. Wikendi niliunda sanamu za vyuma: mizizi, viwavi, punje ya mahindi iliyopasuliwa hadi kiini kikaonekana. Mwalimu mkuu akataka sanamu ya kuweka mbele ya maabara mpya. Nikamuundia mharagwe unaochipuka, mrefu kuniliko, shina limepinda kama mgongo wa mtu anayeinuka, na juu yake majani mawili ya kwanza yamesimama wima. Nilichomelea nondo na mabati ya mapipa katika banda la fundi mmoja mjini. Sikufurahia, sikuchoka. Mikono ilifanya kazi, mimi nikaitazama.

D.O., mkuu wa serikali katika tarafa yetu, alipokuja kuiona maabara, aliizunguka ile sanamu polepole.

"Hii ni nini, Mwalimu?"

"Ni mharagwe, Bwana D.O. Unaota."

"Mbona una vidole viwili?"

Siku hizo waliotaka vyama vingi walisalimiana kwa vidole viwili, na kuna walioshikwa kwa hilo. Chama kilichotawala peke yake kilikuwa na kidole kimoja.

"Si vidole, ni majani. Mharagwe hutoka na mawili. Mahindi ndiyo hutoka na moja."

"Basi ungetengeneza mahindi. Huku ni nchi ya mahindi."

Walimu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema angepitia tena wiki ijayo, akaingia garini.

Mwalimu mkuu alinishika kiwiko. "Mwalimu, mimi nina watoto. Na mume wako ni karani wa serikali. Fikiria."

Jioni mume wangu alifoka mpaka jirani akazima redio. "Hilo jani wakate wenyewe! Usiiguse kazi yako!"

Nilikuwa nachambua sukuma wiki. Nikamwuliza msumeno wa chuma aliuweka wapi. Alinitazama kama mtu asiyenijua, kisha akaenda kuuleta.

Nilikata asubuhi, wasichana wakichungulia madirishani. Jani lilianguka kwenye nyasi. Nikangoja nisikie uchungu. Nikasikia kiu. Kengele ikalia, nikaenda kidato cha pili kufundisha jinsi mbegu inavyoota.

"Mwalimu," msichana mmoja akauliza, "tuchore majani mangapi?"

Wenzake wakainua vichwa kutoka madaftarini.

"Mawili," nikasema, nikaendelea kuandika ubaoni.

D.O. alirudi, akatupa jicho, akanywa chai ofisini, akaenda zake.

Baadaye sheria ikabadilishwa, vyama vingi vikaruhusiwa. Vidole viwili vikawa vinapungwa hata sokoni mchana kweupe. Mwalimu mkuu akaniita.

"Lile jani unaweza kulirudisha?"

"Lilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma vikuukuu."

"Basi tengeneza lingine. Wageni wanaulizauliza."

"Sawa," nikamwambia.

Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, nikaenda kuyasahihisha. Jani sikulitengeneza, naye hakuniuliza tena.