Tundu Kwenye Kifuniko cha Tenki

Injini yangu ilizimika mara mbili, na mara zote mbili haikuwa na kosa lolote.

Plagi inatoa cheche. Kabureta safi. Petroli ipo. Lakini ukishakwenda nusu saa kwenye tope inaanza kumisi, inakohoa, inakufa. Ukisubiri muda wa kuchemsha chai, ukapiga kiki, inawaka kana kwamba ilikuwa inakutania.

Siku ya tatu ikapona yenyewe.

Ningejiuliza imeponaje, leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia. Na mama yangu asingekaribia kufia baharini kwa mikono yangu.

Naitwa Pei-ju. Kwetu ni Fangyuan, pwani ya magharibi ya Taiwan, ambako bahari ikipwa inaondoka kilomita kadhaa na kuacha tope tupu. Huko ndiko tunakofuga chaza, kwenye kamba zilizofungwa kati ya mianzi.

Gari la dukani haliendi huko. Likienda, halirudi.

Kwa hiyo kila nyumba hujiundia lake uani. Injini ya hiki, ekseli ya kile, matairi ya trekta, na kila kilicho muhimu kinapandishwa juu, maji yasikifikie. Tunayaita ng'ombe wa chuma.

La marehemu baba lilikuwa limeliwa na chumvi likabaki jina. Mama ana miaka sitini na mbili na magoti mabovu. Bila gari hawafikii chaza wake. Baba mkubwa Khun-seng, kaka yake baba, akamwambia kwa upole ampe yeye ile mianzi aisimamie, naye apumzike.

Mama alitazama ukuta tu.

Kesho yake nikaikokota pikipiki ya baba kutoka stoo, nikawasha mashine ya kuchomelea.

Miezi saba. Mbele usukani na injini ya ile pikipiki, nyuma ekseli ya kigari cha mpunga kilichotupwa, katikati fremu niliyoichomelea mwenyewe, bomba kwa bomba. Nina stashahada ya ufundi mitambo, na nilitaka kijiji kijue.

Adui yetu ni chumvi. Basi nikaziba kila upenyo. Raba hapa, silikoni pale. Kifuniko cha tenki nikakitengeneza mwenyewe, kikabana kama chaza aliye hai.

Nilipolileta mbele ya hekalu, mahali madereva wote wanapokutana, nililifunga kitambaa chekundu na kuchoma ubani kama inavyopasa. Baba mkubwa alilizunguka mara mbili akitafuna tambuu. Akasema kazi ni nzuri, ila cheti hakiogelei.

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kwa meno tu.

Sasa fikiria lilipozimika siku ya kwanza. Na ya pili. Mbele ya watu walewale.

Baba mkubwa akaja na bisibisi yake. "Mwanangu, hebu nikuangalizie."

Nikamwambia, wote wakisikia, kwamba ng'ombe wangu haguswi na mtu, na yeye akaangalie wake.

Nikabadilisha plagi. Siku ya tatu likaenda saa nzima bila kukohoa. Siku tano mfululizo, safi. Kila aliyeuliza nilimwambia tatizo lilikuwa plagi. Na asiyeuliza nilimwambia pia.

Huku kwetu watu wakishakula mchana hujilaza, kijiji kizima kinanyamaza. Siku moja joto likanitoa kitandani. Nikachungulia dirishani.

Baba mkubwa alikuwa uani kwetu. Ameinamia tenki langu, na waya mwembamba mkononi.

Nilipotoka alikuwa ameshafika barabarani. Nikakipapasa kile kifuniko, kidole kikasita.

Tundu.

Dogo, ungeliziba kwa punje ya ufuta. Limetobolewa kwa drili, katikati kabisa, kazi ya mtu anayejua anachofanya.

Kwetu sisi, kutoboa tenki la mtu anayekwenda baharini ni sawa na kumtilia sumu kisimani. Maji ya chumvi yakiingia humo, injini imekwisha, na wewe uko katikati ya tope, na bahari inarudi. Sababu sikuitafuta mbali. Nilishaijua. Ni mianzi ya mama.

Nikavaa kandambili, nikamfuata mpaka hekaluni, nikamchana mbele za watu. Nikasema anataka tufe arithi chaza. Nikasema baba angekuwa hai angemtemea mate.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo tundu—"

"Usiniite mwanao."

Akatia mkono mfukoni, akautoa mtupu, akaondoka.

Jioni ile ile nikaliziba tundu kwa gundi ya chuma. Nikalipiga msasa hadi pakawa laini, kama halijawahi kuwapo.

Kesho yake ilikuwa bamvua.

Maji yalikupwa mbali kuliko siku zote, tukaenda magari tisa hadi mianzi ya mwisho kabisa. Kufika huko unavuka mkondo. Maji yakiwa yamekupwa, unakufika magotini. Lakini bahari ikianza kurudi, mkondo ndio unaojaa kwanza, nyuma ya mgongo wako, wakati pale ulipo bado pakavu. Ndiyo maana tuna sheria moja: mnarudi pamoja, na aliyekwisha kuvuka mkondo hageuki nyuma. Walishakufa watu kwa kugeuka.

Kwenda, dakika ishirini, hakuna shida. Injini inaimba.

Kurudi, mama aling'ang'ania kapu moja zaidi. Tukawa wa mwisho, na kwa uzito wa mzigo tukatambaa nusu saa nzima. Mbele yangu niliwaona wenzetu wakivuka mmoja mmoja, na baba mkubwa kwenye gari lake, amegeuza shingo kila mara, kama aliyepoteza mtoto sokoni. Nikamsonya peke yangu.

Hatua hamsini kabla ya mkondo, injini ikamisi.

Ikakohoa.

Ikafa.

"Pei-ju," mama akasema nyuma yangu, "kama ulitaka kuniua ungeniulia nyumbani. Huku kuna baridi."

Nikapiga kiki. Nikapiga tena, maana muda wa kuchemsha chai hatukuwa nao. Nikatoa plagi, nikaipangusa, nikairudisha. Nikaligonga tenki: limejaa. Kulifungua sikulifungua. Rasharasha ya mawimbi ilishaanza kuturukia, na kwetu hakuna mwenye akili anayefungua tenki mbele ya maji ya chumvi.

Kiki. Kiki. Kiki.

Upande wa pili wa mkondo wenzetu walisimama juu ya viti vyao, wakipunga mikono. Sauti hazikufika. Maji yalishapita makapu yaliyofungwa chini ya gari letu.

Nikamshusha mama tutembee. Mguu wake ukazama kwenye tope hadi gotini, ukagoma kutoka. Nikauvuta kwa mikono miwili, nikampandisha tena juu ya gari. Nilipoutazama mkondo nikajua kwamba hata kama angekuwa na magoti ya msichana, asingeuvuka.

Naye alijua. Akaufungua taratibu ushungi aliofungia kofia yake, akanipa, kama anayeacha kumbukumbu.

"Wewe unajua kuogelea," alisema. "Nenda."

Sikwenda. Niliendelea kupiga kiki huku nalia, kiatu kimeshanitoka.

Ndipo nikaona gari moja linageuka.

Liliingia mkondoni likazama hadi kwenye kiti, likawa linasukumwa pembeni, likachomoza upande wetu likimwaga maji kila mahali. Baba mkubwa hakusalimia. Aliruka akapanda kwenye gari langu, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye kifuniko cha tenki.

"Usifungue," nikasema.

Hata pale. Hata pale bado nilikuwa na mdomo.

Akafungua.

Tenki likavuta pumzi. Sina namna nyingine ya kulieleza. Lilivuta hewa ndefu, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

"Piga," akasema.

Kiki moja. Ikawaka.

Akakirudisha kifuniko bila kukikaza, akakifunika kwa kitambaa cha kichwani mwake, akaniambia nifuate pale anapopita yeye, nisikanyage pengine. Tukavuka maji yakiwa mapajani, mama amekumbatia kapu lake la chaza kama mjukuu. Tulipofika kwenye ukuta wa bahari nikakaa chini.

Hakuna aliyenifokea. Wangefoka, ingekuwa nafuu.

Petroli inashuka kwa uzito wake. Inaposhuka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, petroli inagoma. Hili nililisoma mwaka wa kwanza chuoni, likaja kwenye mtihani, nikalipata. Kisha nikaja nyumbani nikaikimbia chumvi mpaka nikaifungia nje na hewa.

Baba mkubwa alijua tangu siku ya pili, kwa kusikiliza tu jinsi injini inavyokufa. Nilipomfukuza, alisubiri nimelala mchana, akaja akatoboa. Halafu akawa anakuja kila siku saa ile ile kulizibua kwa waya, kwa sababu chumvi huganda ikaliziba. Mimi nilikuwa naisifia plagi.

Pale ukutani akatia mkono mfukoni. Safari hii haukutoka mtupu. Alitoa kijibomba cha shaba, kifupi kama kidole cha mwisho, kimepindwa kama mpini wa mwavuli, mdomo ukitazama chini. Hewa inapita, rasharasha haipiti.

"Jana nilikuwa nacho," alisema. "Nilikuja kupima tundu."

Siku ile mama alipika uji wa chaza. Bakuli la kwanza akampa shemeji yake. La mwisho, lisilo na chaza hata mmoja, akanipa mimi.

Najua mnangoja niseme asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisemi. Wakuu nao hukosea. Huyuhuyu aliwahi kuunda gari ambalo ukikata kulia linakwenda kushoto. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mtu akianza kusema, mwache amalize.

Nilimuuliza baadaye, siku ile hekaluni, nilipomkata kauli, alikuwa amebakiza nini.

Alitema tambuu yake kwanza.

"Ni la pumzi," akasema.

Maneno matatu. Nusura yamzamishe mama yangu kwa kukosa kusemwa.