Mwaka ambao Neema alijifunza Kirusi kwa ajili ya simu moja

Wakuu, salamu kwenu. Leo mvua imenifungia ndani nikakumbuka kitu. Chumvi sitaongeza. Wahusika wote wapo hai isipokuwa mmoja, na huyo ndiye sababu ya uzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tulikuwa tunakaa Irving, huku ughaibuni, apartment za karibu na airport, ndege zikipita mpaka masufuria yanatetemeka.

Binti yangu Neema nilikuwa namsomesha nyumbani, homeschool. Wabongo wenzangu walinisema sana, eti namfuga mtoto kama kuku wa kizungu. Niliwaacha waseme. Asubuhi hesabu na historia kwenye meza ya jikoni, mchana naingia shift yangu nursing home, kuhudumia wazee.

Mume wangu, Baba Neema, alisoma Urusi enzi za Wasovieti, mji unaitwa Voronezh. Huko aliacha mtoto wa kike, Lena. Aliniambia kabla hajanichumbia, kwa hiyo msianze.

Kila mwaka mpya ulipoingia kwao, huku kwetu ikiwa saa tisa mchana, Lena alipiga simu ya mezani. Baba Neema alikuwa anageuka mtu mwingine, anacheka kwa Kirusi. Mimi na Neema tunabaki kumtazama. Kawivu kalikuwepo, sikatai, lakini nilipenda kumwona akicheka vile.

Kisha akafariki. Desemba, moyo, ghafla.

Mwaka mpya simu ikalia. Nikapokea. Sauti ya binti ikasema, "Papa?"

Nikaanza kulia, nikashindwa kujizuia, mwisho simu ikakatika.

Sasa mtauliza kwa nini hatukumpigia. Namba marehemu alikuwa nayo kichwani, alikwenda nayo.

Neema alikuwa na miaka kumi na mitano. Jioni ile akaniambia, "Mama, next year nita-answer mimi. I want to learn Russian."

Nikamwambia sawa, hilo ndilo somo lako la lugha. Kusema ni rahisi.

Kikundi chetu cha akina mama wa homeschool kilikuwa na Spanish na Latin. College ya jirani Kirusi hawana. Library tukapata kaseti, akawa anazisikiliza kwenye gari mpaka na mimi nikajua kuulizia hoteli iko wapi. Lakini hakuna kaseti inayofundisha kumpa mtu habari ya msiba.

Mtu wa kazini akanielekeza duka la Warusi kule Plano. Mwenyewe anaitwa Galina, mama wa makamo, mikono minene, hacheki.

Sasa mimi nimelelewa kwamba jambo kubwa huliombi siku ya kwanza. Unakwenda kusalimia kwanza. Basi Jumamosi ya kwanza nikampelekea maandazi, nikanunua samaki wa kukaushwa, nikaaga. Jumamosi iliyofuata sambusa. Ya tatu chapati.

Siku hiyo akaweka kisu chini, akaniambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba sambusa atazichukua, maandazi hayatauzika. Kumbe muda wote alidhani namletea sampuli, nataka aniwekee biashara dukani kwake.

Neema alicheka mpaka akakaa chini. Nikaona aibu, nikamweleza ukweli wote palepale.

Galina akavuta stuli akaiweka nyuma ya kaunta, akamwonyesha Neema akae.

Mwaka mzima, kila Jumamosi, Irving mpaka Plano. Galina hakuwa anafundisha, alikuwa anaongea tu: wateja, samaki, mkwe wake asiyejua kupika. Neema akikosea anasahihishwa duka zima lisikie. Mwaka ulipokaribia kuisha ndipo akamfundisha maneno ya msiba. Siku hiyo alifunga mlango wa duka.

Katikati hapo tulipata apartment nafuu Euless, mji wa jirani. Sikuhama. Ningehama, namba ya simu ingebadilika.

Likabaki jambo moja. Kwetu mtoto hatangazi kifo cha baba yake wakati wakubwa wapo. Nikamwita shemeji yangu, Baba Mdogo Eliya. Akaendesha kutoka Houston, akavaa suti, akakaa pembeni ya simu. Kirusi hajui hata salamu.

Saa tisa ikafika. Kimya.

Saa tisa na nusu shemeji akalegeza tai. Mimi nikawaza, kilio changu kimemfukuza mtoto wa watu.

Karibu na saa kumi ikalia.

Neema akapokea, akaweka speaker. Wakasalimiana. Akamuuliza kama yupo peke yake. Hapana, yupo na mama yake.

Shemeji akasafisha koo. "Binti yangu, mimi ni mdogo wa baba yako. Sogea karibu na mama. Baba yako alitutoka."

Neema akatafsiri bila sauti kutetemeka. Nilijivuna na kuumia kwa pamoja.

Lena akaanza kuongea taratibu, Neema akitutafsiria. Walijua. Mwaka jana, alipomsimulia mama yake kwamba kuna mwanamke kapokea na kulia, yule mama alimimina pombe kwenye glasi, akaifunika na kipande cha mkate, kwao ndivyo wanavyomwekea marehemu. Wakahesabu kuanzia simu ile, siku ya arobaini wakapika, wakaita majirani.

Wakuu, arobaini. Miaka yote nilidhani ni ya kwetu peke yetu. Na huyo ndiye mwanamke niliyekuwa namwonea wivu.

Shemeji akauliza, kama mlijua, mbona umepiga tena?

Jibu lilipokuja Neema akatugeukia. "Anasema alitaka kujua kama bado ana ndugu huku."

Shemeji akainamisha kichwa, suti na yote, akalia. Neema hakutusubiri wakubwa tuseme. Akamjibu mwenyewe kwa Kirusi, maneno mengi, bila kusimama. Hakututafsiria, na hatukumuuliza.

Nilichojifunza: huzuni ikikosa lugha, itafute hiyo lugha, hata kama itakuchukua mwaka na chapati nyingi.

Lena anapiga mpaka leo, siku hizi kwa video. Mwaka mpya ukiingia kwao, saa tisa mchana nazima jiko, tunakaa kumsubiri.

Wenye ndugu mliotenganishwa na lugha, mlifanyaje? Nawasoma. Na wale wa "ungempeleka tu shule kama wenzake", nanyi karibuni, nimeshawazoea.