Fundi na Kitambaa Kilichorudi

Mwanangu ni fundi cherehani, na kwa kazi yake simtoi kasoro, mimi ambaye natoa kasoro hata kwenye maji ya kuchemsha. Akikushonea suruali, hata kama una matege utatoka umenyooka. Futi haimtoki shingoni, nadhani hata kuoga anaoga nayo. Mteja akiingia anamzungushia kiunoni, kisha anampasha: "Dada, mwezi uliopita hukuwa hivi. Punguza mkate." Watu wanacheka, na kesho wanarudi.

Lakini kipo kiuno kimoja ambacho futi ile haikukigusa, nacho ni cha binti yake mwenyewe. Huyo alimpima kwa macho. Na macho ya baba mnayajua.

Mtoto tunamwita Bosi. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa ajili ya mashavu. Akitoka shule anapitia dukani kwa baba, na ili asichezee mkasi anapewa soda. Soda ikiisha, keki. Akifika nyumbani mama yake ameshamkaangia viazi, maana mtoto "amechoka na masomo". Shangazi yake naye haji mikono mitupu, biskuti ndiyo hodi yake. Kila mmoja alimlisha kana kwamba wenzake wamemnyima. Niliposema, mkwe wangu akanijibu, "Mama, mwache mtoto ale, watu waone hapa hatulali njaa." Basi watu wakaona. Waliona tangu kule barabarani.

Sketi ya shule ikabana. Fundi akaifumua pembeni, akaiachia. Ikabana tena. Akatia kipande cha kitambaa, akatia na mpira kiunoni.

"Kitambaa kimerudi hiki," akanung'unika. "Vya siku hizi ukivifua tu vinanywea."

"Kimerudi kiunoni peke yake?" nikamuuliza. "Mbona urefu uko palepale?"

"Mama, mambo ya vitambaa wewe huyajui."

Mimi, niliyemfundisha kutia uzi kwenye sindano.

Sasa Bosi alikuwa na jambo moja tu alilolipenda shuleni, mbio za kupokezana vijiti. Mwalimu alimweka mkimbiaji wa tatu. Muhula ule akamtoa, kwa sababu kabla ya kufika kwenye kona mtoto alikuwa ameshaishiwa pumzi. Hakulia. Alivua raba zake akazisukuma chini ya kitanda changu, mbali kabisa, ukutani. Hilo ndilo lililoniuma.

Fundi akavimba. Akashona sketi mpya, pana kama pazia, akamshika mwanawe mkono hadi shuleni, mimi nyuma yao bila kualikwa.

"Mwalimu, ilikuwa sketi inambana. Mrudishe kwenye timu."

Mwalimu akaitazama ile sketi, akaitazama na nyuma. "Umeshona vizuri, fundi. Lakini sketi haikimbii."

Kwa hasira fundi akakataa pikipiki, tukarudi kwa miguu. Kutoka kiwanjani hadi barabarani kuna ngazi za mawe. Nilipanda na goti langu bovu. Bosi akapanda, akipumzika hapa na pale. Kugeuka, fundi kakaa katikati ya ngazi, futi inapanda na kushuka kifuani, mdomo wazi, uleule unaowaambia watu wapunguze mkate.

Mtoto akamshukia taratibu. Hakuwa anamkejeli, alitaka kujua tu.

"Baba, na wewe sketi inakubana?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Fundi hakucheka. Jasho lilimfika kwenye kope. Aliivua futi shingoni, akampima mtoto palepale kwenye ngazi. Akajipima na yeye. Namba hakuzitaja, nami sikuuliza.

Kreti la soda likatoka dukani. Alisema linaziba njia. Mkwe wangu akaanza kuchemsha viazi, huku kanuna. Shangazi nilimwambia mwenyewe: uje na matunda, au uje kusalimia tu. Jioni baba, mama na mtoto wakawa wanapanda ngazi zile na kushuka, mama mtu akilalamikia viatu.

Muhula uliofuata Bosi alirudishwa, wa tatu palepale. Timu yao ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Lakini kona aliimaliza, na kijiti alikifikisha.

Juzi nimemkuta fundi kainamia cherehani, ile sketi pana mkononi, anaipunguza kiuno.

"Imekuwaje tena?" nikamuuliza.

"Kitambaa hiki," akasema bila kuinua uso, "kimelegea."